Gramu Kumi na Tano za Tulinagwe

Anayepika lazima aonje. Ndivyo Bibi Esnath alivyolelewa huko Masoko kabla hajaolewa Kisondela, na miaka sitini na sita hakuwahi kuona tabu kuonja chakula chake mwenyewe. Sasa aliiona kila siku. Asubuhi hiyo mbele yake kulikuwa na mayai mawili yanayoelea kwenye siagi iliyoyeyuka. Pembeni palikuwa na mchicha uliochemshwa, ukakamuliwa, ukamwagiwa vijiko vitatu vya mafuta ya alizeti, na parachichi lililopondwa nalo likatiwa mafuta, kana kwamba maparachichi ya Kisondela yana upungufu wa mafuta. Akachota kidogo kwa ncha ya kijiko. Mafuta yakamtambaa kwenye fizi, yakashuka kooni taratibu, yakafika katikati yakakaa, hayaendi mbele wala hayarudi. Akasogea mlangoni, akatema mate kwenye mvua.

"Bibi, umetema," alisema mjukuu wake Tulinagwe, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda akisubiri bakuli.

"Nimetema mate tu. Kula, mama."

"Mimi nikitema unanigombeza."

Akampa bakuli, akageuza uso.

Tulinagwe alikuwa na miaka tisa na ugonjwa wa kifafa. Alianza kuanguka akiwa na miaka mitano: macho yanapanda juu, mikono inakakamaa, povu linatoka, kisha analala kama mtu aliyelima shamba zima. Dawa ya kwanza ilishindwa, ya pili nayo ikashindwa. Ndipo daktari mmoja Mbeya akamwambia mama yake, Hellen, kwamba wapo watoto ambao kichwa hutulia wakilishwa mafuta mengi na wanga kidogo sana. Wanga wa Tulinagwe usizidi gramu kumi na tano kwa siku nzima. Wajaribu miezi mitatu. Akiacha kuanguka, wataendelea. Akiendelea kuanguka, chakula hicho kitasimamishwa, na baada ya hapo daktari hakutaja kitu kingine. Hellen alikuwa fundi cherehani mjini, anatoka alfajiri na kurudi usiku, kwa hiyo mtoto akaletwa kwa bibi, na karatasi, na mzani mdogo wa betri.

Bibi Esnath alimaliza darasa la saba na hesabu alizipenda. Karatasi ile aliisoma mpaka ikalainika kwenye mikunjo. Ndizi haikuwemo kabisa, wala kiazi, wala ugali, wala wali, wala maharage. Zilizobaki ni mboga, na mboga nazo zina wanga wake, jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kumwambia. Mchicha mbichi gramu mia moja, wanga mbili. Nyanya gramu hamsini, wanga mbili. Kitunguu gramu ishirini tu, wanga karibu mbili! Karoti ilikuwa na wanga mwingi kiasi kwamba aliifuta kwa kalamu ili asiione. Basi kila asubuhi aliinama juu ya mzani, anakata kitunguu, anaweka, anatoa kipande, anarudisha nusu yake, machozi yanamtoka, kama mtu anayepima sumu ya panya. Kilichomchukiza zaidi ni kile kipande kinachobaki kwenye kisu. Chakula kizima, kisafi, kinanyimwa mtoto.

Halafu kulikuwa na harufu. Wiki ya pili mdomo wa Tulinagwe ulianza kunuka kama parachichi lililovundia kwenye gunia, pamoja na ile dawa ya kufutia rangi ya kucha. Muuguzi wa lishe kule hospitali, binti mmoja aitwaye Ummy, alifurahi sana aliposikia kwenye simu. "Hiyo ndiyo dalili tunayoitaka, bibi! Mwili umeanza kuchoma mafuta." Bibi Esnath alijiuliza ni watu wa namna gani hao wanaofurahia mtoto kunuka. Walilala kitanda kimoja, na usiku aligeukia ukutani.

Lakini hakuanguka. Siku saba, siku kumi, siku kumi na tisa. Toka aanze kuumwa hajawahi kupitisha wiki bila kuanguka.

Wifi yake Felista, dada wa marehemu mumewe, aliyeishi nyumba ya pili na kula naye mchana kila siku ya Mungu, hakupendezwa. Katika ukoo ule hakuna aliyekuwa na sahani yake. Sinia lilikuwa moja, na wote walilizunguka. Mtu anayekula pembeni kwa siri aliwahi kuitwa majina mabaya.

"Wifi, umemtenga mtoto kama mwenye ukoma," alisema Felista, akimenya ndizi kwa ukucha. "Anakaa kule na bakuli lake la grisi. Gari ndilo linalotiwa grisi."

"Ni dawa ile, Felista."

"Dawa inayoelea? Mimi ningekufa na kifafa changu nimeshiba ndizi."

"Nyamaza, anasikia."

Anasikia, na anatazama. Hilo ndilo lililomshinda Bibi Esnath. Siku ya ishirini Tulinagwe aliweka kijiko cha mchicha mdomoni, akatafuna, akasita, mafuta yakamchuruzika kidevuni, na vyote vikarudi bakulini. Bibi akaona mchicha ule uliotafunwa unang'aa.

"Haushuki, bibi. Umekwama."

Kwenye mafiga kulikuwa na sufuria la ndizi, la wao wakubwa. Akachota upawa wa mchuzi wake, mchuzi mtupu, akalegeza nao mchicha, kisha akampa na kikombe asafishie koo. Ndizi yenyewe hakumpa hata kipande. Tulinagwe akanywa, akafumba macho, akala bakuli lote. Tangu hapo ikawa hivyo mchana na jioni. Kwenye daftari aliandika mchicha, nyanya, kitunguu, yai, kila kitu na gramu zake. Maji hayaandikwi.

Siku ya ishirini na mbili Tulinagwe alianguka jikoni, mguu wake umeelekea motoni. Bibi Esnath alimvuta, akamlaza ubavu, akamsubiri. Alipotulia alimfuta mkojo na povu, akachukua daftari, akajumlisha. Kumi na nne na nusu. Akajumlisha tena kutoka chini kwenda juu. Kumi na nne na nusu.

Akavuka ua kwa Felista bila hata kujifunika mvua.

"Umempa nini mtoto?"

"Nani? Mimi?"

"Umempa ndizi. Hesabu yangu imetimia, kwa hiyo kuna mkono mwingine."

Felista aliweka chini kisu. "Esnath, mimi nimezika watoto wawili. Unanijia mlangoni unaniambia nimemlisha mjukuu wa kaka yangu kifafa?"

"Mdomo wako ndio unaosema kila siku!"

"Mdomo unasema. Mkono wangu haujampa kitu. Toka kwangu."

Mchana ule kila mtu alikula kwake. Siku mbili baadaye Tulinagwe alianguka mara mbili, asubuhi na alasiri, na harufu ya mdomo wake ilikuwa imekwisha. Ni hapo Bibi Esnath alipompigia Ummy.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Chakula chenu kimeshindwa."

"Nisomee hesabu." Akamsomea. Ummy akazijumlisha upande wake. "Zipo sawa kabisa. Hebu nieleze ulivyopika leo, bibi. Yote, usiruke kitu."

Kueleza mapishi hakukumshinda Bibi Esnath. Alianza na mchicha ulivyochumwa umande haujakauka, akaja kwenye maji matatu ya kuoshea mchanga, kwenye kitunguu kilichozidi gramu moja akakitoa, kwenye mafuta vijiko vitatu vya kufutwa usawa. "Kisha naulegeza na mchuzi wa ndizi upawa mmoja, maana haushuki, na kikombe kimoja cha kushushia, halafu namwekea—"

"Mchuzi wa nini, bibi?"

"Wa ndizi. Maji yake tu. Ndizi simpi!"

"Bibi," alisema Ummy polepole, "nenda kaangalie hayo maji yakiwa yamepoa."

Akaenda na simu sikioni. Sufuria la asubuhi lilikuwa kando ya mafiga. Akafunua. Mchuzi ulikuwa umeganda, mzito, wa rangi ya kijivu, juu umefanya ngozi yenye mikunjo. Akachomeka kijiko, kikasimama wima, akakivuta kikatoka na sauti ya kunyonya. Miaka yote alikuwa amekula kitu hicho akakisifia. Leo aliona uji wa wanga mtupu, aliomnywesha mtoto kikombe kwa kikombe kwa mkono wake, kwa sababu yeye mwenyewe hawezi kutazama mafuta. Kinyaa kilichompanda hakikuwa cha sufuria.

"Umeona, bibi?"

"Nimeona."

"Usijilaumu. Acha mchuzi, harufu itarudi baada ya siku chache. Daktari ataanza kuhesabu miezi mitatu upya."

Miezi mitatu upya! Alishukuru, akakata simu, akamwaga sufuria lote kwenye migomba. Kisha akaenda kusimama mlangoni kwa Felista.

"Ni mimi," alisema. "Mchuzi. Ni mimi niliyempa."

"Na mimi ukaniita mchawi."

"Sikukuita mchawi."

"Ulibakiza neno hilo tu."

"Nisamehe, wifi."

Felista hakusema amesamehe. Alichukua kanga yake akamfuata jikoni, pengine aone mwisho.

Tulinagwe alikuwa ameshika bakuli, analia bila sauti. Bila mchuzi, mchicha haukushuka. Kijiko cha kwanza kilirudi. Bibi Esnath alitazama kile kilichorudi, safari hii hakugeuza uso. Akachukua mabakuli mawili, akapakua mchicha uliobaki, akamwagia mafuta vijiko vitatu vitatu, siagi juu, akaweka yote matatu kwenye sinia moja. Akaketi chini.

"Felista, njoo."

"Mimi? Nile grisi?"

"Mtoto hali peke yake."

Felista akaketi huku anaguna. Akaweka kijiko mdomoni. Macho yakamtoka. "Ee tata! Wifi, hiki kinatembea! Kinatembea chenyewe!"

"Meza."

"Kinarudi!"

"Meza, mwanamke, mtoto anakuangalia."

Tulinagwe alikuwa ameacha kulia. Alimwangalia bibi yake akimeza, shingo ikijikaza, jasho likimtoka juu ya mdomo, mafuta yaking'aa kidevuni. Bibi Esnath alihesabu moyoni mpaka kumi ili kisirudi. Hakikurudi. Akachota kingine, kibaya kuliko cha kwanza kwa kuwa sasa alijua kinakoelekea. Tulinagwe naye akachota.

"Bibi," alisema akitafuna, "bakuli lako lina vitunguu vingi kuliko langu."

"Lako nimelipima."

"Na lako?"

"Langu sikulipima."

"Basi kesho na wewe upime. Na bibi Felista. Tule sawasawa."

Felista alifuta midomo kwa nyuma ya mkono, akaunusa mkono, akakunja uso. "Kesho," alisema, "nani amesema nakuja kesho?" Lakini bakuli alikuwa amelivuta karibu, na alikuwa anatafuta kwa ncha ya kijiko mahali penye mafuta machache, na mahali hapo hapakuwepo.