Asidi Kwenye Jiwe la Chokaa

Wakubwa hawajui jiwe. Wanajua kiti. Mimi niliacha shule darasa la nne, lakini kuta za jengo lile la serikali nimeziosha miaka kumi na tisa, na jiwe nikiligusa tu nakwambia linataka nini. La mbele ya ofisi yetu ni jiwe la chokaa, jeupe likiwa jipya, la kijivu likishashiba moshi wa magari. Laini, lina vitundu kama mkate. Rangi ikishaingia mle haitoki kwa ubabe.

Jumatano asubuhi tukalikuta limeandikwa. Rangi nyekundu ya kopo la kupuliza, kulia kwa mlango mkubwa, herufi za urefu wa mkono wangu: KARANI WA MASIJALA ANAUZA MAFAILI.

Masijala ni kile chumba cha mafaili, na karani wake ni mmoja tu, shemeji yangu, mdogo wa kike wa marehemu mke wangu.

Mlingoti, askari wa lango, alikuwa amesimama chini ya maandishi anakunywa chai. Chai yenyewe ya shemeji. Humletea kwenye chupa kila siku ya Mungu.

"Wewe ulikuwa umelala?" nikamuuliza.

"Nilifumba jicho moja tu, mzee."

"Na la pili?"

"La pili lilikuwa linamngoja mwenzake."

Shemeji akatoka ndani. Siku zote akiniona lazima anitanie: shemeji, kuta unaziosha, hilo shati je? Siku hiyo hakuona shati. Aliangalia ukuta, akaniangalia mimi.

"Yatatoka?"

"Yatatoka. Siku tatu."

"Siku tatu! Kesho si wanakuja wakaguzi wa makao makuu? Na wanakuja kwa hayo hayo mafaili yaliyopotea. Shemeji, nina miaka ishirini na mbili kwenye chumba kile. Hakuna faili lililotoka bila saini. Yanapanda ghorofani kwa wakubwa, hayashuki. Wewe unajua."

"Najua."

"Basi nifutie. Hata jiwe likibaki na doa, doa halina jina."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Na nilikuwa simdanganyi, hapo bado. Dawa ya rangi ile ninayo, ni ya kubandika, nzito kama uji. Unaipaka nene, unaifunika nailoni, unaiacha mpaka kesho yake inyonye rangi. Unaikwangua kwa ubao, unaosha kwa maji ya moto na brashi laini, unarudia. Mwisho unaosha upande mzima, pasionekane kiraka. Hao wakaguzi wangekuta nailoni imefunika ukuta na fundi juu ya ngazi, basi. Hakuna ambaye angesoma kitu.

Nilikuwa nafungua kopo la dawa alipofika Mkuu wa Ofisi. Sisi tulimwita Hapohapo, maana kila kitu anakitaka hapohapo, isipokuwa ruhusa ya mtu. Mke wangu alipokuwa hospitalini kwa mara ya mwisho, nilimwomba Hapohapo niondoke saa sita. Akasema kuna wageni, nioshe ngazi kwanza. Nikaosha ngazi. Nilifika hospitalini saa kumi, nikamkuta ameshafunikwa shuka, na shemeji bado amemshika mkono chini ya shuka. Mwaka wa nne huu. Wageni wenyewe siku ile hawakuja.

"Hii takataka itoke leo kabla ya saa kumi," akasema Hapohapo.

"Mkuu, hili ni jiwe la chokaa. Dawa yake inataka siku tatu."

"Stoo kuna asidi, ile ya vyoo. Kwangu ilitoa rangi sakafuni hapohapo."

"Sakafu yako ni vigae, mkuu. Asidi inakula chokaa. Itachimba."

"Wewe umeajiriwa kufuta au kufundisha?"

Watu walikuwa wameshajaa mlangoni, makarani, madereva. Kuna aliyecheka.

"Kufuta, mkuu."

"Basi futa. Au leo pia unataka ruhusa?"

Wakacheka wote. Sidhani kama walijua wanacheka nini. Yeye alijua. Nilimwona usoni kwamba anakumbuka vizuri kabisa, ngazi, saa sita, yote.

"Asidi, mkuu?" nikauliza kwa sauti, Mlingoti asikie, madereva wasikie.

"Asidi! Nikuandikie?"

Nilifunika kopo la dawa, nikaenda stoo.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo watu wananihukumu bila kujua kazi. Ningeweza kuimwaga ile asidi ukuta mzima, juu mpaka chini. Jiwe lingeharibika, ndiyo, lakini lingeharibika lote, na maneno yangezama humo humo. Sikufanya hivyo. Nilichukua brashi nyembamba, ile ya pembe za madirisha, nikaanza na K. Nikafuata mstari wake kama mtoto anayeshikwa mkono na mwalimu. Nikaja A, nikaja R. Sikutoka nje ya mstari hata kidogo. Asidi ilitoa povu na moshi wa kuwasha macho, jiwe likichemka kama mafuta ya kukaangia, rangi nyekundu ikabanduka na nyama yake ya jiwe. Nikapitisha brashi ya waya, herufi kwa herufi. Shuleni sikuwahi kusifiwa mwandiko. Siku ile ningesifiwa.

Shemeji nilimfikiria? Nilimfikiria. Nilipofika kwenye neno karani nilimfikiria, mkono ukasita. Halafu nikawaza uso wa Hapohapo kesho mbele ya wakubwa zake, akiulizwa nani aliharibu mbele ya jengo la serikali, na watu kumi wakisema ni yeye, tulimsikia. Mkono ukaendelea.

Saa tisa nyekundu ilikuwa imekwisha, nikalirushia jiwe ndoo moja ya maji. Jiwe likiwa na maji huwa jeusi lote, halionyeshi kitu. Hapohapo akaja, akapiga ukuta kofi kama mtu anayempongeza ng'ombe.

"Unaona? Siku tatu, siku tatu. Uvivu tu wenu."

Shemeji naye akaja mbio kutoka ndani. Akaangalia, akalia. Akanishika mkono wangu wa glovu kwa mikono yake miwili.

"Mungu akulipe, shemeji. Kweli wewe ni ndugu."

"Usishike," nikamwambia. "Ina asidi."

Asidi lazima ioshwe kwa maji mengi, nusu saa ya bomba, la sivyo inaendelea kula. Fundi yeyote anajua. Nilikunja bomba la mpira bila kulifungua, nikalirudisha stoo, nikaenda nyumbani.

Alhamisi jiwe lilikuwa limekauka. Sitalisahau. Ukuta wa kijivu, na juu yake maneno meupe, yamechimbwa kina cha ukucha. Jua la asubuhi lilikuwa linapiga kwa ubavu, kila herufi ina kivuli chake. Jana ungeyasoma ukiwa getini. Leo uliyasoma ukiwa ng'ambo ya barabara.

Wakaguzi walikuwa watatu. Mmoja mama mtu mzima, alivua miwani, akatia kidole ndani ya ile K ya kwanza, akakipitisha polepole.

"Nani amechonga hapa?" akauliza.

Nikangoja. Nilikuwa nimeipanga sentensi yangu usiku kucha. Lakini Hapohapo hakunisubiri. Aliinamisha kichwa kwa huzuni, utadhani yuko msibani.

"Mheshimiwa, wananchi ndio walioandika. Sisi tulijitahidi kufuta ili tumsitiri mwenzetu. Lakini ndiyo hivyo, imekataa. Mambo mengine hayafichiki."

Yule mama akatikisa kichwa, akaandika kwenye daftari lake. Madereva waliangalia viatu. Mlingoti aliangalia lango. Na mimi, sentensi yangu sikuisema, kwa sababu hakuna aliyeniuliza mimi, na wakubwa wakiongea na wakubwa, wa chini hana mlango wa kuingilia.

Saa tano shemeji aliambiwa akabidhi funguo, asimame kazi mpaka uchunguzi uishe. Nani alichunguza ghorofani? Hakuna.

Mimi nilikuwa nje na bomba, nimeambiwa sasa nioshe, wakati hakuna cha kuoshwa. Shemeji akatoka na boksi la karatasi: kikombe, kandambili, picha ya dada yake. Mlingoti akamsimamisha.

"Samahani, dada. Itabidi nilikague."

"Wewe, Mlingoti?"

"Imeandikwa, dada," akasema, kwa kidevu akaonyesha ukutani. Akatoa kitu kimoja kimoja, akakung'uta kandambili, akageuza picha ya marehemu mke wangu aangalie nyuma kama kuna karatasi. Miaka mingi anakunywa chai yake.

Alipomaliza, shemeji alikuja mpaka nilipo.

"Ulijua itakuwa hivi?"

"Ilikuwa amri, shemeji. Wote walisikia."

"Amri sijakuuliza."

Aliliweka boksi nyongani vizuri.

"Siku ile dada alikuulizia. Mara tatu. Nikamwambia yuko njiani, anakuja mbio, ameacha kazi. Nilimdanganya mtu anayekata roho, kwa ajili yako." Hakulia. Alikuwa anaongea kama anayesoma orodha. "Heri alikwenda hajakujua."

Akapita chini ya maneno, akavuka barabara.

Mimi nasema na nitasema: mkono ni wangu, asidi ni yao. Wangenipa siku tatu. Wangenipa ruhusa saa sita. Nilielekeza bomba kwenye neno karani, maji yakajaa kwenye herufi, yakachuruzika mpaka kwenye ngazi. Dirisha la juu likafunguliwa.

"Wewe!" akaita Hapohapo. "Usilowanishe ngazi, wageni wanatoka!"

Nikafunga maji.