Shamba Lililowekwa kwenye RAM

Kuna watu wakiona kitu kinakwenda polepole, mikono inaanza kuwawasha. Hawaulizi kama mwenye kitu ana haraka. Injinia, mdogo wake Fundi, alikuwa mmoja wao. Cheo hicho alijipa mwenyewe siku alipofungua kibanda cha kutengeneza simu na kompyuta, na mtaa ukakikubali bila kinyongo kwa sababu, kusema kweli, mikono yake ilikuwa na kipaji. Shida haikuwa mikono. Shida ilikuwa mdomo, na ile tabia ya kutengeneza vitu ambavyo havijaharibika.

Fundi, dada yake, alikuwa fundi wa kushona. Cherehani yake ilikaa sebuleni karibu na dirisha, ili aweze kushona huku jicho moja likiwa kwa baba yao. Mzee alikuwa dereva wa greda maisha yake yote ya kazi, na nusu ya barabara ambazo watu wanapita leo wakilalamika ni yeye aliyezisawazisha. Kisha kiharusi kikamkamata asubuhi moja akiwa anafunga kamba za viatu. Kikamwachia mguu wa kuburuza na mkono wa kulia uliolegea kama si wake. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo akasema mkono ule upewe kazi, kazi yoyote anayoipenda, la sivyo utalala moja kwa moja. Daktari naye akamvuta Fundi kando akamwambia jambo jingine: mkiona ameanza kusahausahau au kuchanganya mambo, msinyamaze, mleteni haraka. Sauti ya daktari ilikuwa nene, na masikio ya Mzee hayakuwa na ugonjwa wowote.

Tuseme haki: wazo la gemu lilikuwa la Injinia. Alileta nyumbani kompyuta kuukuu, akaiweka juu ya meza ya kona, akabana usukani wa plastiki pembeni ya meza, akaingiza gemu ya kilimo. Unapewa pori na trekta, mengine ni juhudi zako.

"Mimi nikacheze michezo ya watoto?" Mzee akasema, akageuza uso ukutani.

Kesho yake alikuwa analima. Kufikia kiangazi alikuwa na mahindi, alizeti na ng'ombe wa maziwa, na barabara iliyonyooka kutoka zizini hadi ghalani, ingawa gemu haikumdai barabara hata kidogo. Kila alasiri alimwita bintiye aache nguo za watu aje aone. "Tazama huo mteremko. Mvua ikinyesha maji yanakwenda upande gani? Enhe! Sio hapo, huku." Na mkono ule, mkono uliosemwa kuwa umekwisha, ukaanza kushika usukani, kisha kijiko, kisha kikombe cha chai kilichojaa. Fundi alimwona siku moja akiinua kikombe kile mpaka mdomoni bila kumwaga, akajifanya anatafuta sindano chini ya cherehani ili baba yake asimwone akilia.

Mzee alikuwa na utaratibu wake, wala huwezi kumtoa humo. Akimaliza kazi anabonyeza sehemu ya kuhifadhi. Halafu anabonyeza tena, maana alikuwa haziamini mashine zinazokubali jambo mara ya kwanza. Kisha anazima kompyuta vizuri, anainuka, anashika waya na kuuchomoa ukutani kwa mkono uleule wa kulia. Kazini kwao dereva aliyeondoka bila kuchomoa betri alikuwa anasemwa mpaka na wapishi.

Gemu ilichelewa kufunguka, hilo ni kweli. Mashine ilikuwa ya zamani. Mzee hakujali, muda huo alifuta miwani na kunyoosha vidole kimoja kimoja kama alivyofundishwa. Aliyejali ni Injinia. Akipita kusalimia akalikuta lile duara linazunguka kwenye kioo, anaanza kupiga ulimi na kutazama saa, utafikiri yeye ndiye aliyekuwa na alizeti za kuvuna.

Jumamosi moja akaja asubuhi na bisibisi mfukoni.

"Baba, leo nakupa dawa. Unajua disk ya kompyuta ni kama kabati? Kila ukitaka kitu, mashine inainuka, inakwenda kabatini, inatafuta, inarudi. Lakini RAM ni meza. Kitu kikiwa mezani unanyoosha mkono tu. Sasa mimi nakata kipande cha RAM, naidanganya kompyuta kwamba hiyo nayo ni disk, naweka gemu yote humo. Utaona ajabu."

"Na shamba langu?" Mzee akauliza.

"Nalo nimelileta mezani. Kila kitu!"

Na kweli, ilikuwa ajabu. Gemu ilifunguka kabla Mzee hajakaa sawasawa. Ng'ombe hao, trekta hilo. Akapiga mkono wa kushoto pajani, akasema huyu mtoto ni mchawi. Injinia akaondoka kichwa kimevimba. Mzee alivuna alizeti alasiri nzima, akahifadhi, akahifadhi tena, akazima, akachomoa waya.

Jumapili gemu haikufunguka. Mzee alibonyeza pale pa siku zote, pakakaa kimya. Injinia akaitwa. Alikuja anapiga mluzi, akainama kwenye kioo, mluzi ukakata. Fundi aliona shingo ya mdogo wake ikitoka jasho, akadhani ni joto. Baada ya kuhangaika kidogo, Injinia akaingiza gemu upya, ikafunguka taratibu kama zamani. Lakini lilikuwa pori tupu. Hakuna zizi, hakuna ghala, hakuna barabara.

"Baba," Injinia akasema, bila kugeuka, "utakuwa umebonyeza mahali. Ukafuta."

"Nimebonyeza wapi?"

"Sijui. Hutokea, usijali. Kwa umri huu hutokea."

Mzee aliutazama mkono wake wa kulia. Aliutazama muda mrefu, kama mtu anayemtazama mfanyakazi aliyemwamini. Halafu akasema amechoka, apelekwe kitandani.

Kuanzia siku hiyo nyumba ikageuka. Mzee hakugusa usukani tena. Alikuwa anafunga mlango kisha anamuuliza Fundi kama ameufunga. Akampa Fundi dawa zake zote azifiche, asije akazinywa mara mbili. Simu ikiita anaiacha iite, maana huenda akabonyeza kitu. Kikombe cha chai kikaanza kujazwa nusu, halafu kikaanza kushikwa na mtu mwingine. Na Fundi, Mungu amsamehe, akaanza kumsemesha kwa ile sauti laini wanayosemeshwa watoto wachanga, "Baba, tumekula? Tumeshiba?" na Mzee akaikubali. Hilo ndilo lililomuuma Fundi kuliko yote, kwamba aliikubali.

Injinia alikuwa anakuja, anakaa kidogo, anaona haya yote. Mtu ana macho mawili, anaona. Anakunywa chai yake, anaaga.

Siku moja kabla ya kliniki Mzee alimwita bintiye. Alikuwa amekaa kitandani, mgongo wima.

"Kesho nitamwambia daktari mwenyewe," akasema. "Usinisemee. Nitamwambia akili imeanza kwenda. Nataka niseme nikiwa bado najua ninachosema."

Fundi alitoka nje akasimama uani mpaka pumzi ilipokaa sawa. Kisha, kwa kuwa kazi haingoji mtu amalize kulia, akachukua suruali za Injinia alizokuwa amezipunguza, akampelekea kibandani.

Kibanda kilikuwa na pazia mlangoni la kuzuia vumbi. Fundi alikuwa ameshika pazia hilo aingie, akasikia sauti ya mdogo wake ikimpa mteja darasa.

"Gemu itaruka kama umeme, mimi nakuhakikishia. Ila sikiliza: shamba lako, timu yako, hatua uliyofikia, usiviweke kwenye disk ya RAM. Viache kwenye disk ya kawaida. RAM ukiizima tu, imekwisha, inafutika yote. Kuna namna ya kuiambia itunze kabla ya kuzima, lakini kuzima kunakuwa kurefu, kunaudhi." Akacheka. "Mimi mwenyewe ilinikuta kwa mzee wangu. Niliihamisha gemu yake yote, nikafuta ya zamani nipate nafasi ya filamu za wateja. Jioni akazima, kwisha habari. Shamba lote! Mpaka leo anadhani ni yeye kalifuta."

Mteja naye akacheka.

Kuna hasira inayokuja na makelele, na kuna ile inayokuja kwanza na ubaridi. Fundi alisikia ubaridi kuanzia kwenye vidole vilivyoshika pazia. Akaingia. Akaweka suruali juu ya kaunta, akazinyoosha mkunjo, kwa sababu kazi ni kazi. Kisha akamwambia mteja, "Kaka, samahani, hapa pamefungwa."

"Dada," Injinia akasema, "kuna watu..."

"Pamefungwa!"

Mteja hakuaga.

"Rudia ulichosema."

"Dada, punguza sauti, mtaa mzima utasikia."

"Usikie! Kwa nini usisikie? Umemcheka baba yako mbele ya mtu asiyemjua hata kwa jina, leo unaogopa mtaa?" Akasukuma suruali pembeni. "Ulijua lini?"

Injinia alishika bisibisi, akaiweka chini, akaishika tena. "Siku ileile. Nilipoinama tu."

"Siku ileile. Ukamwambia kabonyeza."

"Ilinitoka tu! Nilipanga nimwambie baadaye. Halafu kila nikija... Dada, alikuwa ameniita mchawi jana yake. Ningesema nini, kwamba sijui kazi yangu?"

"Kwa hiyo bora yeye ndiye aonekane hana akili."

"Sikumaanisha hivyo. Na jamani, ni gemu! Atapanda alizeti nyingine."

Sasa ndipo makelele yalipokuja. Fundi alimwambia kuhusu mlango unaofungwa na kuulizwa. Alimwambia kuhusu dawa zilizofichwa, na kikombe, na kesho asubuhi, daktari, na mzee aliyekaa wima kitandani akipanga maneno ya kujitangaza kichaa ilhali kichwa chake ni kizima kuliko vya wote waliomo humo ndani. Alimwambia kwamba yeye mwenyewe, binti wa kumzaa, amemlisha baba yake uji kwa kijiko kwa ajili ya uongo wa mtu aliyeona uvivu kusubiri kompyuta izime. Walisikia wenye duka la jirani, wakasikia na wauza matunda, na hakuna aliyethubutu kuja kuamua. Injinia alianza kwa kujibu, akaishia kutazama sakafu.

"Twende," Fundi akasema.

"Nitakuja jioni, nifunge kwanza..."

"Ukibaki hapa hata dakika moja utapata maneno mazuri ya kumpoza. Sitaki maneno mazuri. Twende sasa."

Akaenda. Njia nzima alitembea nyuma ya dada yake, mtu mzima na ndevu zake, na waliomsalimia "Injinia!" hawakujibiwa.

Mzee alikuwa bado yuko kitandani, shati la kliniki limetundikwa kwenye msumari. Fundi akamsogezea mdogo wake kiti, yeye akabaki mlangoni, mgongo kwenye fremu, ili asipite mtu.

"Baba," Injinia akaanza, "unajua RAM ni aina ya kumbukumbu ambayo umeme..."

"Acha hayo," Fundi akasema. "Mwambie."

Injinia akaanza upya. "Shamba sikuliweka pazuri. Niliihamishia gemu mahali ambapo kompyuta ikizimwa panafutika. Nilikuwa najua panafutika, sikufikiria. Nilitaka iende haraka tu."

 Nje mtu alikuwa anapiga misumari, wakasikia kila pigo.

"Kwa hiyo sikubonyeza," Mzee akasema.

"Hukubonyeza, Baba."

"Nilihifadhi."

"Ulihifadhi. Hata ungehifadhi mara mia lingefutika."

"Na wewe ulijua. Uliposema ni umri."

"Nilijua."

Fundi alisubiri. Alikuwa anaitamani ile sauti ya zamani, sauti iliyokuwa inavuka mngurumo wa greda na kumfikia mtu aliyesimama mwisho wa barabara. Alitaka iangukie kichwa cha mdogo wake, imtoe machozi. Haki ya nani, alitaka hata kibao.

Mzee hakupaza sauti. Aliinua miguu mmoja baada ya mwingine akaishusha sakafuni, akajisogeza ukingoni mwa kitanda mpaka magoti yake yakagusana na ya mwanawe. 

"Nilikuwa nalala nikiogopa kuamka," akasema. "Kila siku nahesabu majina yenu kichwani kabla sijafungua macho, nione kama bado yapo." Kisha akamwambia, "Rudia."

"Baba, nisamehe, mimi..."

"Sitaki hilo. Rudia lile la kwanza."

"Hukubonyeza, Baba. Si wewe. Ni mimi."

"Rudia."

Machozi yalikuwa yanamwagika kwenye ndevu za Injinia na hakuna aliyempa kitambaa. "Si wewe, Baba. Ni mimi."

"Tena," Mzee akasema.