Ufunguo wa Bagula

Mimi ni Mkurya wa Tarime, hasira zangu hufika mlangoni kabla yangu. Kwa miaka tisa nilikuwa polisi katika mji mdogo, mwendo wa saa moja kutoka Columbus, wenye kiwanda kimoja cha kuku na mkuu mmoja wa polisi. Meneja wa kiwanda alikuwa shemeji ya mkuu. Humo ndimo alimofia Bagula, Mkongomani wa mtaa wa Linden kule Columbus, ndani ya mashine aliyokuwa akiisafisha.

Mkuu aliandika ripoti kabla maiti haijapoa: marehemu alizembea, hakufunga swichi kwa kufuli lake, kama kila msafishaji anavyotakiwa ili mtu asiwashe mashine. Nikauliza kufuli lenyewe liko wapi.

"Halikuwepo," akasema. "Funga faili, Chacha."

Nilimjua Bagula. Alikuwa akivuta mlango wa gari lake mara tatu kuhakikisha umefungwa. Mtu huyo aingie kwenye visu bila kufuli? Nilikataa, lakini kukataa si ushahidi.

Ushahidi ulitoka kwenye soksi. Wakongomani hawamwachii mgeni kumwosha ndugu yao, basi Hyacinthe, shemeji wa marehemu, aliendesha gari kutoka Buffalo aje amwoshe kwa mikono yake. Maiti ilikuwa bado na nguo za kazi. Ndani ya soksi ya kushoto akakuta ufunguo mdogo mwekundu wenye namba ya Bagula, akanipigia simu.

Nilikwenda kiwandani nikajaribu kufuli la aina ileile. Likiwa wazi, ufunguo wake hautoki, mpaka ulifunge. Kwa hiyo Bagula alifunga. Kuna aliyelikata ili kazi iendelee, kisha akawasha mashine; na amri ya namna hiyo kiwandani hutoka kwa meneja tu.

Nilipomwambia mkuu, hakushtuka hata kidogo, na hapo nikajua alikuwa anajua. "Niletee huo ufunguo," akasema. "Na ukifungua mdomo msibani, tafuta kazi nyingine."

Jioni hiyo mjane, Adolphine, alinishika mkono. "Papa Chacha, kwetu hatuzike mutu bila kusema vile alikufa. Donc weye njo utasema. Bwana yangu asiende na bongo ya watu." Bongo, kwao, ni uongo.

Jumamosi kanisa la Linden lilijaa ndugu kutoka Louisville na Buffalo. Mkuu naye alikuja na maua, akaketi mstari wa mbele bila haya. Nikasimama nikaeleza yote kwa Kiswahili: ufunguo, kufuli, meneja, ripoti ya uongo. Mkuu alitikisa kichwa kwa huruma, bila kujua anahurumia nini. Kisha nikarudia kwa Kiingereza, polepole, asikose neno. Kichwa kikaacha kutikisika.

Akaja mbele, akaninyooshea mkono. "Ufunguo."

Adolphine akavuta kamba shingoni mwake, ufunguo aliokabidhiwa na Hyacinthe ukatokeza juu ya gauni jeusi. "Bon. Mumuambie, kama anautaka, akuye autoshe hapa ku shingo yangu, mbele ya watu wote."

Nilitafsiri kwa raha, sifichi: aje autoe mwenyewe shingoni. Kanisa zima likasimama. Mkuu akautia mkono wake mfukoni, akatoka.

Jumatatu alinivua beji. Sikumbembeleza. Mchana uleule, magari ya Louisville na ya Buffalo, badala ya kurudi makwao, yalijipanga mbele ya ofisi ya wachunguzi wa jimbo pale Columbus. Adolphine aliingia wa kwanza, ufunguo shingoni. Nilimfuata bila beji, na sikuwahi kujiona polisi kama siku ile.