Mhojiwa wa Kumi na Nne

Orodha ya majina ilichomwa moto, na walioichoma ni wasomi. Miaka kumi na miwili iliyopita idara yao ya historia ilileta wanafunzi kijijini kwetu Kwesine, wakawarekodi wazee kumi na tisa wakieleza ardhi yetu ilivyomezwa na shamba la mkonge na mpaka wa zamani ulipita wapi. Baba yangu, mzee Shemweta, alikuwa mmoja wao. Leo wazee hao wote wamekufa, shamba ameuziwa mtu mwingine anayetaka kutuhamisha, na mwenyekiti wa baraza la ardhi anauliza maneno yaliyomo katika kitabu walichoandika wasomi hao ni ya nani, maana kitabu kinasema tu "Mhojiwa wa 14". Nikapanda basi kwenda kuyachukua majina. Kesi ilikuwa kesho yake.

Niliwakuta kwenye sherehe. Ubao wa Habari na Matukio ulijaa picha zao wenyewe: huyu kapanda cheo, yule karudi kutoka mkutanoni Ulaya, na leo kitabu kile kile cha Kwesine kinapewa tuzo. Karani wa mlangoni aliangalia viatu vyangu, akasema, "Fundi, bomba linalovuja liko kule nyuma." Mimi nachimba visima, sikatai, na shule niliachia darasa la sita. Lakini sikuja kuziba bomba. Mkuu wa idara, Dakta Kokubelwa, alitoka ana sambusa mkononi.

"Pole sana, mzee wangu. Utaratibu unataka majina yaharibiwe baada ya miaka mitano. Tulikuwa tunawalinda wazee."

"Mliwalinda na nani? Na watoto wao?"

"Ndiyo maadili ya utafiti, baba. Karibu soda."

Soda sikunywa. Niliketi kwenye benchi la ukumbini, uchovu wa safari mwilini, na ndani wakazidi kupigiana makofi, makofi yakawa kama mvua juu ya bati, usingizi ukanichukua mchana kweupe.

Nikaona niko katika nchi ambayo nyumba zake zilijengwa kwa karatasi, ukuta juu ya ukuta, na watu wake walitembea shingo zimegeuka nyuma, wakigongana kila hatua na kuombana radhi kwa maneno marefu. Langoni alisimama mtu mnene aliyevaa vioo vitupu, kila anayemtazama akijiona mwenyewe. Huyo alikuwa Sifa, naye alipiga kengele akitangaza, "Habari! Habari! Mheshimiwa amemnukuu Mheshimiwa!" na mji mzima ukashangilia. Nilitaka kumrukia. Mkono ukanishika bega. Alikuwa mwanamke wa makamo, kanga kaifunga kiunoni kama anayekwenda kugombana, uso wake nikiutazama macho yananiuma. "Naitwa Aibu," akasema. "Hapa hawanifahamu, kwa hiyo nina nafasi ya kukutembeza. Usipoteze ngumi kwa huyu. Ukivunja kioo kimoja ataona ameongezeka."

Akanipeleka hadi uwanja mkubwa, ambako wazee kumi na tisa walikaa chini, kila mmoja amevishwa gunia kichwani na namba imeandikwa mbele. Mlinzi wao aliitwa Utaratibu, mtu safi, hana kope, ana kiberiti mfukoni. Nikamwambia awavue magunia. "Haiwezekani, ndugu. Ni kwa usalama wao." Nikamwambia, "Wamekufa, mpumbavu wewe! Nani atawadhuru?" Akatabasamu kwa upole uliozidi matusi yote niliyowahi kutukanwa. "Basi hawana haraka," akasema. Nikamtukana mama yake. Akaandika tusi langu katika daftari, akalipa namba.

Aibu akanivuta pembeni. "Tulia unisikilize. Huyu anazuia mikono tu, ulimi haujui. Mtu akimwita mzee kwa jina lake na kutaja alichokisema, gunia linaanguka lenyewe. Nenda, waite."

Nikapita mbele yao. Walikuwa wanaongea chini ya magunia, sauti nzito, sauti za mikwaruzo, mmoja akicheka katikati ya maneno, na mimi niliyezaliwa miongoni mwao sikujua nani ni nani. Kwa namba kumi na nne nikasikia kikohozi. Kikohozi kile nilikijua. "Mzee Shemweta! Baba!" Gunia likatikisika, halikuanguka.

"Jina umetaja," Aibu akasema. "Alisema nini?"

"Alisema mpaka."

"Unapita wapi?"

Nikaisoma tena namba iliyo mbele ya gunia.

"Siku ile wanafunzi walipokuja, baba yako alikuita ukae naye. Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nyuma ya nyumba. Nacheza karata."

"Ulisema nini?"

"Nilisema, 'Mwacheni awaeleze nyie. Mimi hadithi hizo zimenichosha.'"

Chini ya gunia baba akasema, taratibu, kwa sauti ya mtu asiyetaka kumuudhi mgeni, "Mwanangu ana shughuli nyingi." Nilimshika Aibu miguu nimwombe anipe maneno yale. Akajinasua. "Mimi natembeza watu," akasema. "Sijui mpaka wenu."

"Fundi, tunafunga mlango," karani akaniambia, na nikaamka shingo imekakamaa, maganda ya karanga zao yametapakaa miguuni. Nikaelewa, na kuelewa kwenyewe hakukunipunguzia chuki hata kidogo. Wale walichoma orodha, na Mungu awalipe. Lakini ikawaje orodha ile iwe moja tu duniani? Tuliwaachia wageni wawasikilize baba zetu, sisi tukiwa mita ishirini kutoka hapo.

Asubuhi, barazani, mwenyekiti alinionea huruma. "Haya, mzee, achana na kitabu. Wewe mwenyewe, baba yako alikuambia mpaka unapita wapi?" Ndugu zangu wote wakanitazama. Nikasimama, nikafungua mdomo, nikakaa.

Tumepoteza ekari arobaini na mbili. Nyumba kumi na moja zitabomolewa kabla ya mwezi kwisha. Makaburi ishirini na sita yamebaki upande wa shamba, ng'ambo ya uzio. Jioni tulikaa kijiji kizima kuwakumbuka wazee waliohojiwa. Kati ya kumi na tisa, tulipata majina saba.