Marehemu Anakwenda Las Vegas

Simu ya duka iliita saa nne asubuhi, Rosaline Wakonyo akimpimia mteja dawa ya kuoshea ng'ombe. Aliyepiga alijitambulisha kuwa ni Cherono, wa kampuni ya mbegu, ofisi ya Eldoret.

"Kwanza poleni sana kwa msiba," Cherono alisema. "Tulisikitika kusikia Bi. Rosaline ametuacha."

Rosaline aliweka chupa chini. "Asante. Alifariki lini?"

"Fomu inasema mwezi wa tano. Naongea na nani?"

"Wa hapa dukani. Hebu nisomee fomu yote, nijue kinachokosekana."

Cherono akasoma. Duka lao la Kitale lilikuwa limeuza mbegu nyingi za mahindi kuliko duka lolote katika kanda, na zawadi ilikuwa safari ya watu wawili, siku tano, Las Vegas. Leseni ya uwakala ilikuwa kwa jina la Rosaline. Kwa hiyo mumewe, Bwana Kagwe, alikuwa ameandika kwamba mwenye leseni amekufa, yeye ndiye mrithi, na angesafiri na mke wake, Lenah Nabwile wa Bungoma. Kilichokosekana ni cheti cha kifo.

"Mtapata kila karatasi," Rosaline alisema, kisha akamalizia kumpimia mteja dawa yake.

Leseni ile ilikuwa na historia fupi. Duka lilipofunguliwa, Kagwe alikuwa afisa wa kilimo wa serikali na hakutaka jina lake lionekane kwenye biashara, akaandikisha leseni kwa jina la mkewe. Alipostaafu alikuja kukalia kiti kilicho karibu na mlango, akasahau kubadilisha jina. Aliyeendelea kuuza mbegu ni Rosaline. Tangu zawadi itangazwe, Kagwe hakuwa na kazi nyingine ila kuipanga safari. Alijua hoteli ipi ina piramidi na ipi ina mifereji ya mashua ndani. Alijifunza karata kwenye kaunta, akiweka dau la punje za mahindi. Wateja walipouliza kama mama naye anaenda, alijibu, "Huyu? Akifika huko ataulizia bei ya sukuma wiki." Rosaline alimsikia akiyasema hayo mara tisa. Mara zote tisa wateja walicheka.

Kulia kusingebadilisha fomu. Kesho yake alikwenda Eldoret na kitambulisho, leseni na cheti cha ndoa. Cherono alitazama kitambulisho, akamtazama yeye, akarudi kwenye kitambulisho.

"Kumbe marehemu ni wewe?"

"Ndiyo mimi. Kanuni zinasemaje?"

Kanuni zilisema mshindi ni mwenye leseni. Yeye ndiye anayechagua wa kuandamana naye, na pia tarehe, kati ya mbili zilizowekwa. Rosaline aliomba apewe siku tatu, na Bwana Kagwe asiambiwe neno.

Siku ya pili alikuwa Bungoma, akifuata anwani iliyokuwa kwenye fomu. Lenah Nabwile alikuwa fundi wa nguo, mwanamke wa miaka arobaini hivi, mzaliwa wa Kabuchai. Kibandani mwake ilining'inia gauni jekundu la kumetameta.

"Karibu, mama. Nikushonee nini?"

"Sikuja kushonewa. Mimi ni Rosaline, mke wa Kagwe."

Lenah aliachia mkasi. "Wacha mchezo, bana. Si yule alikufa? Kaburi lake nimeliona kwa simu! Msalaba umeandikwa Wakonyo."

"Huyo ni nyanya yangu. Kwetu mtoto hupewa jina la nyanya yake. Alizaliwa mwaka elfu moja mia tisa ishirini na moja. Hukusoma tarehe?"

"Nilikuwa nalia," Lenah alisema. "Ati nakulilia wewe! Hata nilimpikia kuku, ale, apunguze mawazo."

"Alikula?"

"Alimaliza na shingo."

Rosaline alimweleza kila kitu kwa mpangilio: fomu, leseni, kanuni. Lenah alisikiliza, akalitazama gauni, akasonya kwa muda mrefu.

"Sasa umekuja kunipiga?"

"Nimekuja kukuuliza kama pasipoti yako iko tayari."

"Iko. Alilipia yeye."

"Basi tunaenda wewe na mimi. Sikupendi, na sitaki unipende. Nataka abaki."

Lenah alicheka mpaka akashika cherehani. "Mama, wewe ni mbaya! Lakini mimi lazima nione yale maji yanayocheza kwa muziki."

"Utayaona. Mimi nataka kuona bwawa lao la umeme. Kamari hatuchezi."

"Wewe usicheze. Mimi nitacheza kidogo."

Hoja hiyo waliiacha hapo, wakapanga mengine yote.

Sherehe ya kukabidhi zawadi ilifanyika mchana katika hoteli moja ya Kitale, mbele ya wauzaji wa kanda nzima. Kagwe alikuja na suti mpya, akaketi mstari wa kwanza. Mkewe alikuwa amemwambia ana shughuli. Cherono alipotaja mshindi, Kagwe alisimama, akaanza kufunga kifungo cha koti. Jina lililosomwa lilikuwa Rosaline Wakonyo, na Rosaline aliingia kwa mlango wa pembeni, Lenah akimfuata ndani ya gauni jekundu.

"Kabla sijapokea," Rosaline alisema, "naomba fomu ya mume wangu isomwe. Yote."

Cherono akaisoma, pamoja na sehemu ya kifo. Mtu wa nyuma akapasuka kwa kicheko, na ukumbi mzima ukamfuata. Kagwe alifika jukwaani jasho likimtoka.

"Mama Waithera," alisema, akimwita kwa jina la binti yao, "tuongee nje."

"Ongea hapa hapa."

"Ungemchukua mtu mwingine yeyote, lakini huyu? Kwa nini huyu?"

"Wewe ndiye ulimchagua," Rosaline alisema. "Sikuona sababu ya kubadilisha."

"Baba, usijali," Lenah aliongeza. "Nitakutumia picha."

Kagwe alimgeukia mkewe. "Na mnaenda Januari?"

"Januari ilikuwa tarehe yako. Mimi nimechukua ile ya mwisho wa Machi."

Mtu aliyekuwa afisa wa kilimo hakuhitaji kufafanuliwa. Mwisho wa Machi ni mvua ya kwanza. Foleni hufika dukani kabla ya jua, malori ya mbolea yakingoja kushushwa, na hakuna mkulima kutoka Kibomet mpaka mpakani na Uganda asiyepita kwenye kaunta ile. Kila mmoja angemuuliza mama yuko wapi.

"Utawajibu mwenyewe," Rosaline alisema, akapokea bahasha kwa mikono miwili.