Sindano Waliyosema Inaua

Kuna neno lililomng'ang'ania Efrazia kama kupe: kwamba mtu mmoja wa kijiji cha Dirma aliumwa na nyuki, akachomwa sindano zahanati, akafa hata sindano haijachomolewa. Alilisikia mnadani, akalisikia tena kisimani. Akaapa kwamba binti yake Hilda hatachomwa sindano hiyo.

Asubuhi moja kijijini kwao Tlawi, Hilda alikuwa akikata majani ya ng'ombe, nyuki akamuuma shingoni. Mmoja tu. Efrazia alimkwangua mwiba kwa ukucha, lakini vipele vilishajaa mwili mzima, na midomo imevimba.

"Mama, koo linabana."

Bibi Tekla, mama mkwe wake, alishatoka na kibuyu. "Mpe maziwa, alale. Nyuki tumefuga tangu zamani, hawajaua mtu hapa."

"Shikamoo bibi," alisema Gervasi, mnunuzi kutoka Dirma aliyekuwa akipakia viazi kwenye pikapu pale uani. "Hayo tuwekee ya chai. Mtoto aende zahanati sasa hivi."

"Wakamchome ile sindano?" Efrazia aliuliza. "Iliyoua mtu wa kwenu?"

Gervasi alitua gunia. "Yule ni kaka yangu, mama Hilda. Tulimnywesha maziwa, tukamlaza, tukangoja mpaka jua likawa utosini. Sindano ilikuta mtu ameshakwenda. Tuliichelewesha sisi."

 Efrazia alimbeba Hilda, akamlaza juu ya magunia, naye akapanda. Njia nzima aliweka mkono kifuani pa mtoto, asije akakosa kuisikia pumzi.

Walipofika zahanati, nesi hakuuliza hata kadi. Alimchoma pajani. Efrazia alifumba macho. Kitambo kidogo akasikia Hilda anauliza kama ng'ombe wamepewa majani.

"Msiondoke," nesi alisema. "Hali hii huweza kurudi. Leo mtashinda hapa."

Walirudi jioni. Bibi Tekla alimtazama mjukuu wake, kisha akayanywa yale maziwa mwenyewe. Efrazia alichana karatasi kwenye daftari la Hilda, akaandika, akaibandika mlangoni:

Aliyeumwa na nyuki akivimba midomo, akikosa pumzi au akipata kizunguzungu, mpelekeni zahanati upesi.
Msimnyweshe maziwa, wala asali, wala maji.
Msimtembeze.
Msingoje kuona kama atapata nafuu.
Msikatae sindano ya pajani.
Msiondoke kabla nesi hajawaruhusu, hata mtoto akicheka.
Ya mnadani msiyarudie.