Mashine Aliyoichagua Shemeji

Kabla dada yangu hajaolewa, fundi wa nyumba yetu nilikuwa mimi. Geti likining'inia, naitwa. Toroli likitoboka, naitwa. Jembe la kukokotwa likichomoka mkono, naitwa tena, nami naja na karakana yangu yote: koleo, waya wa kufungia na vipande vya tyubu ya baiskeli. Kufunga nafunga mpaka chuma kinaomba radhi. Dada alinibatiza Bi Mpira. Sikukasirika. Cheo ni cheo.

Kisha dada akaolewa na jamaa mmoja mrefu, mpole, anayetembea na futi ya kupimia mfukoni kama wenzake wanavyotembea na simu. Ukimwambia chumba ni kikubwa, anakipima. Nadhani hata dada alipimwa kwanza ndipo posa ikaletwa. Baba akampenda papo hapo. Mwezi wa kwanza alikuwa "mkwe wangu", mwezi wa pili "fundi wangu". Mimi niliyelifunga geti lile mara kumi na moja nikabaki "wewe hapo, hebu tuletee maji."

Wivu, jamani, hauna dawa ya hospitali. Shemeji akila ndizi kwetu, mimi naona anakula fungu langu. Akicheka, naona ananicheka.

Sasa siku moja Baba akatangaza kwamba tunanunua mashine ndogo ya kuchomelea, tuondokane na aibu ya kufunga vyuma kwa mipira. Hilo nililimeza. Akaongeza:

"Atachagua mkwe. Wewe fuatana naye ukamsaidie kubeba."

Kubeba! Hata punda huulizwa kwanza kama amekula.

Dukani kulikuwa na mama mmoja mwenye miwani iliyoshikizwa na uzi. Alituwekea mashine mbili juu ya meza: moja ndogo kama boksi la viatu, nyingine kubwa kiasi, nyekundu, yenye mkanda wa kuning'iniza begani.

"Mnataka kuchomelea nini?"

Shemeji akatoa karatasi. Alikuwa ameandika! Bawaba za geti, toroli, jembe, mlango wa banda la kuku, ekseli ya mkokoteni, na mbele ya kila kitu unene wa chuma chake kwa milimita. Niliisoma juu ya bega lake nikitafuta kosa. Nilipolikosa nikaudhika zaidi.

"Kwa haya yote, hii ndogo inatosha," yule mama akasema. "Ila ekseli tu. Chuma kinene vile kitakutaka uchukue hii nyekundu. Lakini nyekundu inakula umeme, mwanangu. Waya wa huko nyumbani ukoje?"

Shemeji akanigeukia. "Shemeji, wewe ndiye unayeijua nyumba. Waya unaokwenda bandani, tutakakochomelea, ni mnene?"

Waya ule niliuvuta mimi mwenyewe nikiwa kidato cha tatu, ili kuku wapate taa. Ni waya wa taa, mwembamba kama kisingizio cha mtoro. Siku Mama alipochomeka pasi kule, swichi ilinuka mpaka jioni, na tangu hapo kwetu ni sheria: bandani ni balbu tu. Haijaandikwa popote. Waliozaliwa mle ndani wanaijua, na Shemeji hakuzaliwa mle ndani.

Nikawaza: achague kubwa, imwaibishe, Baba amwone fundi wake.

"Mnene," nikasema. "Wa kutosha kabisa."

"Una hakika?"

"Shemeji! Si niliuvuta mimi?"

Hapo sikudanganya. Uongo mzuri huazima shati la ukweli.

Akaniamini. Yule mtu anayepima hata kivuli chake hakusema atakwenda kuuangalia kwanza. Alimwambia yule mama, "Basi tupe nyekundu," nami nikaibeba hadi nyumbani, mabega yanauma, moyo unapiga vigelegele.

Jioni ile ile tulikusanyika bandani kama tunakwenda kumtazama bwana harusi. Baba alisimama mbele, mikono nyuma. Dada alikuwa anatabasamu peke yake. Mama alijiegemeza ukutani, chini kabisa ya ule waya wangu. Shemeji akavaa glavu na kinyago, akaigusisha ncha ya kijiti cha kuchomelea kwenye ekseli. Cheche zikaruka. Chuma kikaanza kushikana, mstari umenyooka kama umepigwa rula. Baba akaguna kwa raha, guno ambalo mipira yangu haikuwahi kulipata.

Halafu harufu ikaja. Nikatazama juu: waya ulikuwa unatoa jasho la plastiki. Kabla sijafungua mdomo, tone linalowaka likadondoka, likatua begani kwa Mama. Akapiga yowe. Kuku wakatawanyika. Shemeji akaruka akang'oa plagi, kisha akaliponda lile tone kwa glavu yake juu ya bega la Mama.

Mama hakuungua. Kitenge ndicho kilichotoboka, tundu la ukubwa wa punje ya hindi. Alikuwa analipitishia kidole, haamini.

Waya ulipopoa, Shemeji aliupapasa. Akanitazama. Alijua. Nikasubiri aniumbue.

"Baba, kosa ni langu," akasema. "Nilipaswa kuja kuutazama kabla ya kuchagua."

Baba akautazama ule waya. "Basi mkwe, mambo ya nyumba hii siku nyingine nitamtuma huyu. Yeye anaijua." Akaniwekea mkono begani.

Mkono ule nilikuwa nimeusubiri mwaka mzima. Ulikuwa mzito kama gunia la mbolea. Na Mama bado anapitisha kidole kwenye lile tundu.

"Baba," nikasema, "waya ni wa taa. Niliulizwa dukani, nikasema mnene. Nilijua."

"Bi Mpira!" Dada akashika kichwa.

"Kwa nini?" Baba akauliza.

"Kwa sababu uliniambia nikabebe."

Mkono ukatoka begani taratibu. Nilitegemea kofi, au mahubiri, au walau lile "afadhali umesema ukweli" wanalopewa watu wanaoungama. Wapi! Baba alimgeukia Shemeji.

"Ulijua?"

"Nilipoushika, ndiyo."

"Na ukaubeba mzigo wake?"

Shemeji akatazama viatu vyake.

"Mwanangu," Baba akamwambia. Si mkwe, si fundi. Mwanangu!

Yaani nimeungama mimi, kapandishwa cheo yeye.

Mama ndiye aliyekata shauri: kesho yake sisi wawili tungeng'oa waya wote na kuvuta mpya. Tukavuta, mnene kama kidole, kutoka nyumba kubwa hadi bandani. Mwana mpya wa Baba alishika ncha moja, mimi nyingine.

"Taratibu, shemeji," akaniambia kutoka ng'ambo ya ukuta, kwa upole ule ule unaochefua.

"Nimesikia," nikajibu, nikavuta kwa nguvu kuliko kazi ilivyotaka.